Uliza Fundi wa Picha: Uso wa Marehemu Haubahatishwi

Wasomaji wangu habari zenu. Safari hii safu yote nimeipa picha za zamani, maana meseji mlizotuma kuhusu picha za wazee wetu na hizi apu za akili mnemba ni nyingi na zingine kwa kweli zimeniuma. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine, nimezifupisha kidogo na majina sijaweka, kama kawaida yetu.

Picha imegandana na kioo cha fremu

*Shikamoo fundi. Niko Tanga. Tuna picha ya harusi ya wazazi wetu, ni ya black and white, iko kwenye fremu tangu mimi sijazaliwa. Tulitaka kuitoa tuisafishe tukakuta imeshikana na kioo upande wa juu, tena pale alipo mama kabisa. Fundi mmoja hapa mtaani anasema tuiloweke kwenye maji ya uvuguvugu itaachia, mdogo wangu anasema tupitishe wembe taratibu. Mama hatunaye tena, baba yupo na hiyo picha anaiangalia kila siku. Tufanyeje?*

Marahaba mwanangu, mnisalimie sana mzee. Wembe weka mbali, maji weka mbali, na kama kuna mtu ameshaanza kuvuta kona mwambie aache sasa hivi.

Picha za zamani za karatasi zina utando juu yake wa gelatini, ambayo inatengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na chembe za fedha zinazofanya ule weusi wa picha zimo ndani ya huo utando, sio kwenye karatasi. Gelatini ikipata unyevu inavimba na kunata, ikikauka inashika. Sasa fremu nyingi za kwetu picha inawekwa imegusa kioo moja kwa moja, halafu unyevu wa pwani unaingia mwaka hadi mwaka, matokeo yake utando na kioo vimekuwa kitu kimoja. Ukivuta, karatasi nyeupe inakuja mkononi na sura ya mama inabaki kwenye kioo. Wapo wahifadhi wa makumbusho wanaoweza kuiachisha kwa maji lakini wanaipima kwanza ile picha ni ya aina gani, imeshaharibika kiasi gani, na hata wao kuna picha wanakataa kuzigusa. Ndoo ya maji ya uvuguvugu uani sio kazi hiyo.

Habari njema ni kwamba kioo kinapitisha mwanga na huhitaji kuitoa ndo uikarabati. Toeni ubao wa nyuma wa fremu, picha na kioo viache vilivyo pamoja, kioo kwa nje futa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo sana (usipulize dawa ya vioo, inateremka pembeni na kuingia ndani), halafu laza kwenye skana upande wa kioo ukiangalia chini. Ila angalieni skana yenyewe, zile nyembamba nyembamba za stesheneri nyingi zinaona vizuri kitu kilichogusa bapa lao tu, unene wa kioo peke yake unatosha kutia ukungu kwenye picha. Zile za zamani nene zenye taa na lenzi ndani zinafaa zaidi. Msipoipata pigeni kwa kamera au simu nzuri, picha ikiwa imelazwa mezani, mwanga utoke pembeni kulia na kushoto na sio juu, fleshi izimwe, na nyuma ya simu mtu ashike kitambaa cheusi ili kioo kisionyeshe dari na sura ya mpigaji. Mtashangaa, ile sehemu iliyogandana mara nyingi ndo inatoka safi kuliko zote maana hakuna hewa katikati ya kuleta mng'aro.

Baada ya hapo mchapishe nakala mpya iliyokarabatiwa ndo mzee awekewe ukutani, na safari hii kati ya picha na kioo kuwe na kadi ya pembeni ili visigusane. Ya asili na kioo chake ilazwe mahali pakavu pasipo na jua, kabatini juu, sio sakafuni.

Apu imetuletea mwanamke mwingine

*Assalaam aleikum fundi. Nakuandikia kutoka Mombasa. Nyanya yetu alifariki zamani, tuna picha yake moja tu ya kueleweka, amesimama mlangoni na leso zake, imechakaa ina mikunjo. Kijana wetu akaipitisha kwenye apu ya simu ikatoka safi, tukaichapisha kubwa siku ya hitima. Shangazi mkubwa alipoiona akasema huyu si mamangu, akaondoka barazani. Sisi nasi tukaanza kuangalia, kweli macho si yake na ule mwanya wake haupo. Sasa familia imegawanyika, wengine wasema ni nzuri iachwe. Apu imekosea wapi, na je twaweza kuipata safi lakini iwe ni yeye?*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Shangazi yuko sawa na mimi nasimama naye, hiyo picha iteremsheni ukutani hata kama imegharimu, mtachapisha nyingine.

Nitaeleza kwa urefu kidogo maana hili ndo limejaa kwenye simu yangu. Hizi programu hazisafishi uso, zinachora uso. Zimefundishwa kwa kuonyeshwa maelfu ya nyuso, moja ya mikusanyo inayotumika sana inaitwa FFHQ, ina picha 70,000 zilizochukuliwa kwenye mtandao wa Flickr na watu wa NVIDIA wakaitoa 2019, na programu kama GFPGAN iliyo nyuma ya huduma nyingi za kukarabati nyuso ilifundishwa kwa mkusanyo huo. Sasa jiulize watu waliokuwa wanapandisha picha Flickr ni akina nani na nyanya zetu wa pwani walikuwepo wangapi humo. Ukiipa uso uliofifia inatafuta katika ilivyozoea kuona ni kitu gani kingeweza kukaa pale, inajaza. Ni sawa na kumpa kazi mchoraji hodari ambaye nyanya hajamwona hata siku moja, atakuletea jicho zuri, kope moja moja, lakini sio jicho la nyanya.

Na hili sio wivu wangu wa fundi wa zamani. 2020 kuna programu ya watafiti wa chuo cha Duke kule Marekani, inaitwa PULSE, watu waliipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa mpaka ikawa vigae vigae, picha ambayo mimi na wewe tunamtambua papo hapo, programu ikarudisha mzungu. Kama imeshindwa kwa mtu aliyepigwa picha duniani kote, nyanya mwenye picha moja atapona vipi? Ninavyoviona vikipotea kwenye kazi ninazoletewa ni vilevile kila mara. Mwanya unazibwa, chale zinafutwa kama mikwaruzo, kipini cha pua kinageuka kidoa au kinaondoka, ngozi inang'arishwa na kulainishwa, makunyanzi ya mama wa miaka sabini yanaondolewa anabaki kama wa arobaini. Yaani vile ambavyo wanawe walikuwa wanamjulia ndo mashine inaviona uchafu.

Halafu tazama na leso. Sikuiona picha yenu lakini naomba muangalie maandishi ya chini ya ile leso kwenye nakala ya apu, nina hakika yamekuwa mikwaruzo inayofanana na herufi isiyosomeka lugha yoyote. Kwenye ya asili hata kama imefifia huenda jina la leso linasomeka ukikuza vizuri, na mnajua wenyewe mwanamke wa pwani hakuchagua leso ya kupigiwa picha bila kusoma imeandikwa nini. Hayo ni maneno aliyoyavaa yeye, msiyapoteze.

Sasa jinsi ya kuipata safi ikiwa yeye. Anza upya na karatasi ya asili, sio na ile ya apu. Iskaniwe kwa rangi hata kama ni black and white, 600 dpi (yaani vitone kwa kila inchi) kama ni ya saizi ya postikadi, 1200 kama ni ndogo, ihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, na hilo faili lisiguswe tena milele, kazi ifanyike kwenye kopi. Programu za kukarabati picha, Photoshop ni ya kulipia, GIMP ni ya bure na inatosha kabisa kwa hii kazi. Fundi aanze mbali na uso, ukuta, mlango, sakafu, huko atumie kile kifaa cha kuponya na kile cha kunakili sehemu kwa sehemu, na hata akitaka akili mnemba izibe shimo la ukutani mimi sina ugomvi, ukuta hauna mtoto wa kuulilia. Akifika usoni apunguze brashi iwe nyembamba kama mkunjo wenyewe, achukue ngozi ya pembeni kabisa mwa mkunjo na sio ya shavu la pili, asilainishe kitu. Kama mkunjo umepita kwenye jicho asichukue jicho la pili akaligeuza, nimeona wengi wanafanya hivyo, macho ya mtu hayalingani na mwanga ulitoka upande mmoja, ukigeuza ule mng'aro wa jicho unakaa upande usio wake na mtu anaonekana kama amelegea bila wewe kujua kwa nini. Kama jicho nusu limeliwa na hakuna picha nyingine ya yeye, liache limefifia. Kufifia sio kosa, kufifia ni kweli ya karatasi.

Kuna na hesabu hapa ya kuwatuliza wale wanaotaka bango. Uso ukiwa na upana wa milimita 5 kwenye karatasi, ukiskani kwa 600 dpi unapata pikseli (vile vitone vinavyounda picha) kama 118 tu kwa upana, ukipandisha 1200 unapata kama 236 na hapo huenda karatasi yenyewe haina cha zaidi cha kukupa. Huwezi kutoa kwenye uso huo picha ya kujaza ukuta bila mtu kubuni. Chapisheni ndogo, sentimita 13 kwa 18, itakaa vizuri na itakuwa nyanya.

Na la mwisho, shangazi akae na fundi. Kweli kabisa, siku ya kushughulikia uso apelekwe au atumiwe hatua kwa hatua, yeye ndo kipimo, sio mimi wala kompyuta. Akisema hapa mdomo umezidi, rudisheni nyuma. Faili la mwisho liandikwe jina linaloonyesha kwamba limekarabatiwa na lini, ili wajukuu wa wajukuu wasije wakadhani ndo ya asili.

Natuma WhatsApp kila siku, kuna ubaya?

*Mambo fundi, mi niko Arusha. Nimepiga picha za albamu ya babu kwa simu nikatuma kwa fundi kwa WhatsApp, anasema hazifai. Anataka hela zaidi au ni kweli?*

Poa. Ni kweli, usimlaumu. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana ili iwe nyepesi, inapunguza pikseli na inakwangua maelezo madogo madogo ambayo fundi alikuwa anayategemea. Itume kama dokyumenti, ile alama ya kipini cha karatasi, hapo inafika ilivyo, au tumia Google Drive au barua pepe. Na kabla hujapiga futa lenzi ya simu, simama karibu na dirisha lisilopigwa na jua, simu iwe sambamba na picha, usivute zumu, sogea wewe. Kama picha zinang'aa sana kuna apu ya Google inaitwa PhotoScan, ya bure, inakupigisha vipande kadhaa kwa pembe tofauti inaunganisha mng'aro unaondoka. Kwa picha ile moja mnayoipenda kuliko zote tafuta skana.

Muhuri umepita usoni kwa baba

*Shikamoo fundi wetu. Mimi ni msomaji wa Kigoma. Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Alifariki tukiwa wadogo na picha pekee tuliyobaki nayo ni ya kwenye kitambulisho chake cha kazi, ndogo ya pasipoti, na muhuri wa bluu umepita shavuni hadi kwenye jicho. Karatasi imekuwa ya njano. Nimeambiwa haiwezekani bila kuchora upya uso. Nimeshakata tamaa lakini nikasema niulize.*

Marahaba mwanangu. Usikate tamaa, hii kazi inawezekana na tena ni katika zile ninazozipenda kuliko zote kwa sababu uso wa baba upo pale pale chini ya wino, hakuna cha kuchora. Na kitambulisho chenyewe kitunze kama dhahabu, reli ile ilikuwa moja kwa nchi tatu mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977, karatasi zake ni historia sio ya kwenu tu. Picha usiibandue kwenye kitambulisho! Skani kitambulisho kizima, mbele na nyuma.

Siri iko kwenye kuskani kwa rangi. Watu wengi wanaona picha ni black and white wanachagua kijivu kwenye skana, hapo wameshaua kazi. Ukiskani kwa rangi, kompyuta inaweka picha tatu moja juu ya nyingine, moja ya mwanga mwekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, tunaziita chaneli. Wino wa bluu unameza mwanga mwekundu na kurudisha wa bluu, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu muhuri utauona mweusi tii, lakini kwenye chaneli ya bluu unafifia karibu kutoweka na shavu la baba linatokea. Muhuri ungekuwa mwekundu ungefanya kinyume, ungetazama chaneli nyekundu. Ule wa zambarau unahangaisha kidogo, chaneli ya kijani ndo mbaya, jaribu mbili zilizobaki. Kwenye GIMP nenda Colors, halafu Components, halafu Decompose, chagua RGB, zitatokea leya (tabaka za picha) tatu uziangalie moja moja. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kufanya hiyo hatua ya kwanza hata leo jioni, na nakuomba uifanye mwenyewe uone kabla hujamlipa mtu.

Tatizo lako ni hiyo njano. Njano inameza mwanga wa bluu, maana yake chaneli ileile inayoficha muhuri ndo inayoonyesha madoa ya uzee wa karatasi, na chaneli nyekundu inayosafisha madoa ndo inayokuletea muhuri. Kwa hiyo hapa ni kushona. Chukua chaneli nyekundu iwe picha ya chini, juu yake weka ya bluu, ilinganishe mwanga na giza mpaka ngozi ifanane, halafu ifiche yote kwa maski (kifuniko cha leya) na uifungue kwa brashi laini pale tu mistari ya muhuri ilipopita. Kitakachobaki ni kivuli chembamba cha kingo za wino, hicho ndo unakimalizia kwa kifaa cha kuponya, polepole. Hukubuni hata nywele moja, kila kitu kimetoka kwenye karatasi ya baba.

Iskani 1200 dpi, picha ya pasipoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5 itakupa kama pikseli 1650 kwa 2100, inatosha kuchapisha ya kuweka mezani ikiwa karatasi ni kali. Na kama fundi wenu alisema haiwezekani mwonyesheni hili jibu, pengine hajawahi kulijaribu tu.

Nakuomba, ikikamilika niandikie.

Wajukuu wanataka itiwe rangi

*Assalaam aleikum. Mimi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, niko Maskati tangu ujanani. Ninayo picha ya marehemu baba yangu aliyopiga studio mjini kabla ya 1964, amevaa kanzu, joho na kilemba. Sehemu za weusi zimepata mng'aro wa kibuluu kama zebaki ukiigeuza kwenye mwanga, na skana inatoa weupe pale pale. Jengine, wajukuu wameitia rangi kwa kompyuta, joho limekuwa la kahawia na kilemba cheupe. Mimi sikumbuki hivyo. Nifanyeje?*

Waaleikum salaam mama, shikamoo. Namuombea marehemu rehma.

Ule mng'aro ni fedha yenyewe ya picha. Unyevu na hewa chafu, hata harufu ya vanishi ya kabati au kadibodi mbovu ya albamu, vinaiyeyusha fedha kidogo kidogo inapanda juu ya utando na kukaa kama kioo. Usiisugue. Skana inatupa mwanga ambao unadunda kwenye hicho kioo ndo maana unapata weupe. Dawa ni kupiga kwa kamera yenye kichujio cha kukata mng'aro na taa nazo zikiwa na karatasi ya kichujio hichohicho, wapiga picha wa vitu vya makumbusho wanafanya hivyo, Maskati hautakosa studio ya kuielewa hii kazi. Kama ni skana tu iliyopo, skani mara mbili, ya pili ukiwa umeizungusha picha robo duara, kwa kuwa taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja pengine mng'aro utapungua au kuhama, fundi achukue pazuri pa kila moja.

Igeuze nyuma pia mama. Studio za Unguja nyingi zilipiga muhuri au kuandika namba, Capital Art Studio ya Shangani kwa mfano aliianzisha Ranchhod Oza 1930 na familia nyingi za mjini zilipita pale. Nyuma ya picha nayo iskaniwe, jina la studio, tarehe, hata maneno ya kalamu.

Kuhusu rangi nasema wazi, rangi ya joho la baba haimo kwenye ile karatasi. Hakuna mashine ya kuitoa maana haikuingia. Na kuna jambo ambalo hizi programu hazilifikirii, filamu za zamani za aina ya orthokromatiki zilikuwa hazioni nyekundu, kitu chekundu kilitoka cheusi, kwa hiyo hata weusi tunaouona hatuwezi kuapa kuwa ulikuwa weusi. Kompyuta imebahatisha kahawia kwa sababu kahawia haimuudhi mtu.

Wewe ndo unajua, mama. Kaa na wakubwa wenzio wanaomkumbuka, na kama joho au kilemba chenyewe kipo sandukuni kitolewe kipigwe picha kwenye mwanga wa mchana, fundi achukue rangi pale na kuipaka kwenye leya ya juu. Hapo wajukuu watapata rangi yenye mwenyewe. Pasipo na mtu wa kukumbuka paacheni bila rangi, na ya black and white ndo ibaki kuwa picha ya familia.

Picha za rangi zimekuwa nyekundu

*Fundi, picha zetu za miaka ya sabini mwishoni zote zimekuwa nyekundu nyekundu, hata zile zilizokuwa gizani kwenye albamu. Zimekufa?*

Hazijafa. Karatasi za rangi za miaka ile zilikuwa na rangi tatu, na ile ya samawati inapukutika hata gizani, hasa kwenye joto, inabaki nyekundu na njano. Skani kwa rangi, biti 16 kwa kila chaneli kama skana inaruhusu, halafu kwenye programu ya picha fungua Levels, sehemu ya kurekebisha weusi na weupe, na usirekebishe zote kwa pamoja, ingia chaneli moja moja, vuta kile kishale cha weusi na cha weupe mpaka pale mlima wa grafu unapoanza na kuishia. Anga inarudi bluu mbele ya macho yako, majani yanarudi, ngozi za watu zinarudi. Hiyo haibuni chochote ndo maana naipenda kuliko kubonyeza kitufe cha apu. Fanyeni mapema tu, inaendelea kupukutika.

Albamu iliyopita kwenye mafuriko

*Habari fundi. Sisi wa Rufiji yale mafuriko ya 2024 yaliingia ndani, albamu ya marehemu mume wangu ililowa. Niliianika ikakauka lakini kurasa zimeshikana na kuna ukungu mweupe na mweusi. Naogopa kuifungua naogopa kuitupa.*

Pole sana dada yangu, kwa mume na kwa yote mliyopoteza. Usiitupe. Na kuogopa kuifungua umefanya vizuri.

Ule ukungu unakula gelatini, ni hai, na vumbi lake ni baya kifuani, kwa hiyo vaa barakoa, fanyia nje kivulini penye hewa, siku kavu, watoto wasiwe karibu. Usifute kwa kitambaa cha maji hata kidogo, gelatini iliyoliwa na ukungu ikipata maji inatoka kama uji. Brashi laini kavu ya vipodozi, mpya, unapitisha kwa wepesi kuelekea nje ya picha. Kabla hujajaribu kubandua chochote piga picha kila ukurasa unaofunguka wenyewe, ulivyo, na madoa yake, maana kila hatua inayofuata inaweza kupunguza. Picha iliyoshikwa na gundi ya albamu kwa nyuma, kama kona yake imeachia pitisha uzi wa meno chini yake kama unakata, ukikwama acha. Zile zilizoshikana uso kwa uso usizitenganishe kabisa, zifunge kwenye bahasha ya karatasi, sio nailoni, weka pakavu.

Kwa wengine wanaosoma, siku maji yakiingia mnazo kama siku mbili kabla ukungu haujaanza. Picha za studio zisiachwe zikauke zikiwa zimebebana, zitenganisheni zingali mbichi, suuzeni matope kwa maji safi ya baridi bila kusugua, zilazwe uso juu kwenye kitambaa safi kivulini. Zile zilizochapwa kwa printa ya wino msizisuuze, wino utakimbia. Zikiwa nyingi kuliko mikono yenu na kuna friji la jirani, ziwekeni kwenye mifuko na karatasi ya kuokea katikati zigandishwe, mtazishughulikia baadaye moja moja.

Na wewe dada, wakati albamu inasubiri, anza kupiga simu. Picha za harusi yenu, za misiba, za sikukuu, zilichapishwa nakala wakapewa mashemeji, wasimamizi, marafiki wa mumeo wa kazini, waombe waskani za kwao wakutumie kama dokyumenti. Mpigapicha wa siku ile ulizia alipo au watoto wake, wengi walitunza negativu kwenye maboksi, na negativu moja iliyo salama inakupa zaidi ya chochote nitakachofanya mimi kwenye karatasi iliyoliwa. Kila utakayopata andika nyuma kwa penseli nani ni nani, sio kwa peni, na ile usiyemtambua mtu yeyote humo itume kwa mama mkwe kwanza kabla ya fundi.